Hatujafunga

Upepo wa mwezi wa sita Dodoma hauvumi, unahamia. Unaingia asubuhi chini ya mlango, unaketi sebuleni na vumbi lake kama mgeni asiyejua kuaga, na jioni bado upo. Jumanne ile ulikuwa umeketi ofisini kwa meneja wa shule, ukiinua pembe za karatasi moja moja. Josephine alisimama mbele ya meza akiutazama. Mwili wake ulikuwa ofisini, akili yake ilikuwa kwenye basi litakaloondoka Mbarara siku tatu zijazo, likiwa na mtoto wake Rose wa miaka minne, dirishani, mapajani mwa shangazi yake.

Rose alikuwa afike Jumapili. Josephine alikwishashona pazia la chumba chake.

"Kaa, Madamu," alisema Meneja Anselmi.

Shule hiyo ya bweni ilifundisha kwa Kiingereza, na kwa ajili hiyo ilichukua walimu kutoka Uganda. Ilikuwa na nyumba sita za walimu zilizopangwa mstari mmoja kuelekea tambarare. Nyumba zilikuwa za wanandoa. Asiye na ndoa alipewa kitanda: wanaume upande wa karakana, wanawake kwenye vyumba vya pembeni mwa bweni la wasichana. Mwaka uliopita iligundulika kwamba walimu wawili waliokaa nyumba namba nne kama mke na mume walikuwa binamu. Tangu hapo, kila mwezi wa sita kulikuwa na uhakiki wa makazi.

Yoramu, mume wa Josephine, hakuwepo. Alikuwa amewapeleka wanafunzi wa darasa la sita Mpwapwa kuangalia mifugo, na angerudi jioni.

"Basi tumalize na wewe," alisema Anselmi. Ofisini kwake hakuongea Kiingereza, alisema Kiingereza ni cha darasani. "Swali ni fupi. Wewe na Mwalimu Yoramu mmefunga ndoa?"

Kiswahili cha Josephine kilikuwa na umri wa miezi minane. Alikuwa amekiokota darasani na dukani. Funga daftari. Funga mlango, vumbi linaingia. Funga mdomo wewe wa nyuma. Duka limefungwa, njoo kesho. Katika maisha yake yote ya Kiswahili, neno hilo halikuwahi kuleta kitu. Lilikuwa linaondoa tu.

Kwa hiyo alisikia akiulizwa kama ndoa yake imekwisha.

Na swali lilimchoma mahali penyewe. Yoramu alitangulia Dodoma peke yake, akakaa miaka miwili, na katika miaka hiyo wajomba wa Josephine waliketi wakasema mwanaume huyu harudi, ng'ombe warudishwe, jambo lifungwe. Yeye ndiye aliyekataa. Habari hiyo hakumwambia mtu yeyote huku. Huyu ameipata wapi?

"Nani amekwambia?" aliuliza.

"Sijaambiwa na mtu. Nauliza walimu wote."

"Hatujafunga," alisema Josephine.

Cecilia, mhazili, aliacha kupiga chapa.

"Hamjafunga?"

"Hatujafunga ndoa, Meneja. Na hatutafunga."

Anselmi alivua miwani yake, akaifuta vumbi, akaivaa tena. "Hamna hata mpango?"

"Hakuna. Hata wakija wajomba wangu wote na fimbo zao."

"Na Mwalimu Yoramu anajua msimamo wako huu?"

"Anajua. Amefurahi sana."

Cecilia aliandika. Karatasi ilitoka kwenye mashine ikiwa vuguvugu. Josephine aliisoma kidogo, akaona jina lake limeandikwa sawasawa, akatia sahihi. Alitoka nje akiwa ameinua kichwa, kama mtu aliyetetea nyumba yake. Kule tambarare vumbi lilisimama likazunguka, jembamba na refu, likatembea taratibu kuelekea vilima vya Buigiri. La pili lilisimama nyuma yake, likalifuata.

*

Yoramu alishuka kwenye basi la shule saa kumi na moja akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kabla hajanawa, Anselmi alimwita chini ya ukingo wa paa la ofisi.

"Mwalimu, mimi sikuhukumu," alisema. "Barua ya kijiji chenu ninayo kwenye faili, inasema mmeoana. Lakini mke wako, samahani, Madamu Josephine, amesema kwa kinywa chake hamjafunga ndoa. Akatia sahihi. Sasa mimi nifanye nini?"

"Amesema hivyo?"

"Amerudia. Cecilia shahidi."

Yoramu alitazama viatu vyake. Kwao, ng'ombe kumi na wawili walikwenda, Josephine akasindikizwa kwa nyimbo, watu wakala wakashiba. Huyo ni mke. Kanisani na pete huja baadaye, mtu akijaliwa. Yeye alikuwa ameahidi pete Krismasi tatu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, naye alielewa kabisa maana ya neno kufunga. Ndiyo maana lilimwumiza.

"Kama amesema," alijibu, "basi amesema."

"Nyumba naihitaji kesho. Mwalimu mpya wa hesabu anakuja na mkewe, na cheti anacho. Nimeshamwahidi."

Yoramu alimkuta Josephine amepiga magoti nyuma ya nyumba, akimwagilia tuta la mlenda na mche wa mzabibu aliouegemeza kwenye kijiti. Wakaongea kwa lugha yao.

"Meneja alikuuliza," alisema Yoramu.

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Ukweli. Ulitaka nijibu nini?"

"Hakuna."

Josephine alisubiri amwulize habari zilifikaje kwa Meneja, kwa sababu yeye aliamini zimetoka kwake Yoramu, labda akiwa amekaa na wanaume wenzake. Yoramu alisubiri mkewe aseme kwamba amechoka kungoja pete. Maji yalizama kwenye udongo mwekundu yakiacha povu. Watu wawili waliosoma ualimu wa lugha, wakakaa mbele ya mche wa zabibu kama mabubu.

"Wanataka nyumba," alisema Yoramu hatimaye.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya ulichosema."

Josephine aliinuka na kopo lake. Kwa hiyo hapa mtu akikataa kuvunja ndoa yake ananyang'anywa nyumba. Nchi ya watu ina mambo yake. Alikuwa amezoea kutoelewa vitu hapa, na lile nalo aliliweka pamoja na mengine.

*

Walihama Jumatano wakati wa mapumziko ya saa nne, kwa sababu ndipo Matonya, dereva wa shule, alipokuwa na nafasi ya kusaidia. Ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Josephine alipita katikati ya uwanja akiwa amejitwika godoro, na watoto mia tatu, waliofundishwa na yeye mwenyewe kuwa na adabu, walisimama kumpisha wakaimba kwa pamoja: "Good morning, Madam." Godoro lilimfunika uso. Aliitikia kutoka humo ndani.

Mbele ya mlango wa nyumba yao Cecilia alipokea funguo, akahesabu vitasa, akaandika kwamba pazia moja limeongezwa.

"Hilo ni langu," alisema Josephine.

"Lichukue, Madamu. Mimi naandika nilichokiona."

Yoramu alipewa kitanda chumbani kwa Matonya. "Karibu, Mwalimu," alisema Matonya akisogeza tairi la akiba. "Ila nikwambie mapema, mimi nakoroma Kigogo. Siku mbili tatu utakuwa umeshaelewa."

Yoramu alicheka kidogo, kwa heshima.

Tangu siku hiyo mke na mume walionana kwa ratiba. Waligongana mlangoni mwa chumba cha walimu, wakasalimiana kwa Kiingereza. Kanuni ilikataza mwanaume kuvuka kamba ya kuanikia ya bweni la wasichana, na Yoramu hakuivuka. Alhamisi alasiri walikutana kwenye jiwe lililo nyuma ya tangi la maji, wakakaa wakiwa wameacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Jiwe lilikuwa na joto. Jua la saa kumi liliifanya tambarare yote iwe rangi ya uji wa uwele, na mbuzi walipita mbali bila sauti, kama mbuzi wa kufikirika.

"Nimwambie dada asimlete?" aliuliza Yoramu.

"Wanapanda basi kesho."

"Atalala wapi?"

"Na mimi. Kitanda ni cha futi mbili na nusu. Atalala juu yangu."

"Hanijui," alisema Yoramu. "Nimeondoka ana mwaka na nusu. Nilitaka anikute nyumbani. Mtu akikukuta nyumbani kwako, anajua wewe ni nani. Akinikuta kwa Matonya, mimi ni nani?"

Josephine alifumba macho. Akaona nyumba yao ikielea juu ya vumbi, milango yake yote imefungwa, na Rose anaizunguka akigonga. Alipofumbua, Yoramu alikuwa ameshaondoka na kengele ilikuwa inalia.

*

Matroni wa wasichana wadogo aliitwa Antonia, mwanamke wa Haneti, mfupi, mpana, mwenye mikono isiyotulia. Ijumaa saa nane alimwita Josephine kutoka chumba chake cha pembeni.

"Mbukwa, mwanangu," alimsalimia kwa Kigogo. " Njoo hapa haraka."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu ana homa, nampeleka zahanati, na Matonya kaenda mjini na gari. Nisaidie kumfunga."

Kitandani alilala msichana wa darasa la kwanza, macho mekundu, midomo imekauka. Josephine alimtazama mtoto, akamtazama Antonia na kitenge alichokishika.

"Kumfunga? Amekosa nini?"

"Amekosa nini vipi?"

"Mgonjwa, mama. Mnamfungaje mgonjwa?"

Antonia alimtazama kwa muda, kichwa ameinamisha upande. Kisha aliinama, akamweka mtoto mgongoni, akatupa kitenge juu yake, akamkabidhi Josephine ncha mbili. "Funga hapo, mwalimu wa watu. Kaza. Mtoto akifungwa vibaya anachuruzika mpaka chini."

Josephine alipiga fundo. Mikono yake ilijua kazi hiyo tangu zamani, ilikuwa haijui jina lake tu.

"Hii ni kufunga?" aliuliza.

"Sasa ni kufungua?"

"Mimi najua kufunga ni mlango. Ni duka. Ni kitu kimekwisha."

"Hata mlango ni kufunga, na huyu ni kufunga. Kuni unazifunga. Mzigo unaufunga. Ndoa unaifunga." Antonia alijitikisa kidogo kumweka mtoto vizuri. "Unamfunga ili asianguke. Si ili asitoke."

Josephine aliketi kwenye kitanda kitupu. Nje upepo ulikuwa unacheza na kamba ya nguo, magauni madogo ya bluu yakijaa na kusinyaa. Aliyatazama mpaka Antonia akamgusa bega.

"Na wewe una homa?"

"Mama, Meneja aliniuliza kama tumefunga ndoa."

"Nimesikia. Shule nzima imesikia."

"Nikasema hatujafunga. Nikasema hatutafunga hata wakija wajomba na fimbo."

Antonia alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, na zahanati ni mbali, lakini ilimbidi ashike nguzo ya kitanda. Kicheko kilimtoka tumboni bila sauti, mabega yakaruka, mtoto mwenye homa akaruka pamoja nayo. "Na fimbo zao," alisema akifuta macho. "Yesu wangu. Na yule Anselmi kaandika." Kisha uso ukarudi mahali pake. "Sasa unakaa hapo unafanya nini? Nenda kamwambie mumeo. Meneja tutamwona kesho, nikiwepo."

*

Yoramu alikuwa anafundisha darasa la sita wakati uliopita wa Kiingereza. Aliona uso wa mkewe dirishani, akawapa watoto sentensi kumi, akatoka. Walisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Nilidhani ananiuliza kama tumeivunja," alisema Josephine. "Nilidhani kufunga ni kama duka."

Yoramu alifuta chaki mikononi kwa shati. "Mimi nilidhani unanidai pete."

"Pete nakudai. Lakini siwezi kukudai kwa Meneja."

Yoramu aliegemeza kisogo kwenye ukuta, vumbi la chokaa likamshika nywele. "Mbona hukuniuliza?"

"Mbona wewe hukuniuliza?"

Ndani, darasa zima lilikuwa limenyamaza kabisa, jambo ambalo halitokei darasa la sita ila likiwa linasikiliza. Yoramu aligonga kioo. Kalamu zikaanza tena kwa pamoja.

*

Jumamosi waliingia ofisini watatu. Anselmi alisikiliza mpaka mwisho. Cecilia aliinama nyuma ya mashine yake na kubaki huko. Meneja mwenyewe hakucheka. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, ila haki yake ilipenda karatasi.

"Kosa la neno nalielewa," alisema. "Baba yangu alikwenda hospitali na Kigogo chake cha kijijini, akatibiwa jicho wakati anaumwa goti. Lakini nyumba yenu, namba mbili, nimeshaitoa. Mwalimu wa hesabu amelala humo jana. Siwezi kumtoa."

"Tuta langu la mlenda?" aliuliza Josephine.

"Mkewe amelisifia."

Antonia aliguna. "Na namba sita je, baba? Ile umeijaza madawati. Madawati yamefunga ndoa?"

"Matroni."

"Nauliza tu. Uhakiki ni uhakiki."

Anselmi alitazama dari. Namba sita ilikuwa nyumba ya mwisho, inayopigwa na upepo kwanza kabla ya nyingine. Chumba kimoja kilikuwa na madawati mabovu mpaka juu. "Madawati hayana pa kwenda," alisema. "Mtachukua sebule na chumba kimoja. Chumba cha pili hamtakigusa."

"Tuna mtoto anakuja kesho," alisema Yoramu.

"Fomu inasema wanandoa. Haikusema mtoto."

"Nasema mimi."

Meneja alimtazama, na kwa mara ya kwanza Yoramu hakutazama viatu vyake.

"Mtoto ni mwembamba?" aliuliza Anselmi.

"Mwembamba."

"Basi apite katikati ya madawati. Cecilia, fomu mpya. Nitauliza tena kwa sababu utaratibu ni utaratibu." Alikohoa. "Madamu Josephine. Wewe na Mwalimu Yoramu mmefunga ndoa?"

Neno lilikuwa lile lile. Josephine alilisikia likija na mlango wake, na duka lake, na sauti za wajomba. Alijua sasa, lakini kujua hakuwahi kumzuia mtu kuogopa neno. Alitafuta mikono yake, akaikuta imekutana yenyewe mbele ya tumbo, kama imeshika ncha za kitu.

"Tumefunga," alisema.

"Sauti, Madamu. Mhazili anaandika."

"Tumefunga. Mafundo mawili."

"Niandike na mafundo?" aliuliza Cecilia.

"Andika tumefunga," alisema Anselmi.

*

Basi liliingia stendi Jumapili saa tano asubuhi likiwa limechoka kuliko abiria wake. Rose alishuka amelala begani kwa shangazi, kiatu kimoja hakipo. Aliamka, akamwona mama yake, akamnyooshea mikono bila neno, kana kwamba waliagana jana. Kisha akamwona Yoramu. Alimtazama shati, akamtazama kidevu, akakunja goti taratibu kama alivyofundishwa kumsalimia mgeni.

Yoramu aliitikia salamu ya mgeni. Shangazi mtu akajifanya anatafuta mzigo.

Walirudi na gari la Matonya. Rose alilala tena njiani. Matonya aliwashusha getini, kwa sababu aliitwa kwingine, na kutoka getini mpaka namba sita ni mwendo. Kulikuwa na mabegi matatu, ndoo, na mkungu wa ndizi uliotoka Mbarara kwa makusudi. Josephine alifungua kitenge chake kiunoni.

"Inama," alimwambia mumewe.

"Mimi?"

"Akiwa macho hatakubali. Amelala. Inama."

Yoramu aliinama katikati ya njia. Walimweka mtoto mgongoni mwake, miguu huku na huku, mmoja na kiatu, mmoja bila. Josephine alitupa kitenge, akakipitisha chini ya mikono ya mtoto, akazunguka mbele, akapiga fundo kifuani mwa mumewe. Shangazi aliweka mkono mdomoni. Kwao mwanaume habebi mtoto hivyo, na huku pia.

Walipita mbele ya nyumba zote. Mke wa mwalimu wa hesabu alikuwa anamwagilia mlenda usio wake, na mche wa mzabibu ulikuwa umepata jani jipya. Alisimama na kopo. Josephine alimsalimia, akapita, na maumivu yakapita naye kidogo kisha yakabaki nyuma. Mbele kulikuwa na tambarare tupu, na mavumbi yalisimama mawili mawili huko, yakitembea bila haraka.

Karibu na namba sita Rose aliamka. Walimwona anainua kichwa, anatazama kisogo kile asichokijua, chenye chokaa kidogo bado. Alijaribu kujivuta nyuma. Kitenge kilimshika. Akajaribu tena, akapima. Kisha, kwa kuwa haendi popote na mgongo ulikuwa na joto, alilaza shavu.

Yoramu hakuthubutu kugeuka. "Umefunga vizuri?" alinong'ona, kwa Kiswahili.

"Nimefunga," alisema Josephine.

Alitua ndoo, akazunguka mbele yake, akalishika lile fundo, akalihakiki mwenyewe. Kisha akakaza.